Rudisha Jiwe Mahali Pake

Mtu wa bara afikapo pwani ya Kenya kwa mara ya kwanza, aghalabu hustaajabia mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa bahari. La pili ni kwamba asubuhi moja huamka na kukuta bahari hiyo imeondoka. Maji yamerudi nyuma hata ukingoni mwa mwamba, na mahali ambapo jana jioni watoto walikuwa wakiogelea pamebaki mawe, matope, majani na vidimbwi. Huko mbali huwaona akina mama wameinama, vikapu mkononi, wakichungulia mashimo. Mgeni huyo hudhani kwamba ameona jangwa, na kwamba wale akina mama wanaokota makombo yaliyosahauliwa na bahari.

Kumbe sivyo hata kidogo. Ni mahali pachache nchini ambapo mtu aweza kuona jamaa nyingi za wanyama katika nafasi ndogo kama hiyo. Wanyama wenyewe si wakubwa. Ni koa, chaza, kaa, kamba, pweza, jongoo wa pwani, kiti cha pweza, minyoo, sifongo na matumbawe. Wote hao hawana uti wa mgongo. Walakini mtu akiuliza ni nani walishao samaki, wasafishao mchanga na wajengao mwamba uzuiao mawimbi yasile ufuo, jibu ni hao hao.

SAA YA BAHARI

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kama dakika 50 hivi. Kwa sababu ya dakika hizo, saa ya maji husogea mbele kila siku, na mvuvi aujuaye mwezi hana haja ya kuuliza mtu. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Ndipo lijapo bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu huja maji mafu, yajaayo kidogo na kupwa kidogo. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3.

Tena liko jambo ambalo wanyama wa pwani hii wanalijua vizuri kuliko wageni. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupwa kabisa karibu na saa 4 ya asubuhi na saa 4 ya usiku. Maana yake ni kwamba mwamba huachwa wazi wakati jua linapopanda na kuanza kuchoma. Mnyama aliyeumbwa kwa maji hana budi kuvumilia joto, upepo, mvua ya masika na ndege wenye njaa, mpaka bahari imrudie. Basi maisha yake yote ni hesabu ya saa.

NGAZI ZA PWANI

Kila mkulima ajua kwamba zao lina mahali pake. Pareto hupenda baridi ya milimani, kahawa hukaa chini yake, na mnazi na mkorosho hustawi huko chini kabisa penye joto. Pwani nayo ina mpango kama huo, ila ngazi zake hazipimwi kwa maelfu ya futi. Hupimwa kwa saa ambazo mnyama aweza kukaa bila maji.

Juu kabisa, kwenye majabali ya matumbawe ya kale, wanakaa koa wadogo kama punje ya kunde. Hao hurushiwa matone ya wimbi tu, na siku nyingi hawafikiwi na bahari. Koa huyo huingia ndani ya gamba lake, akajifungia kwa kifuniko kama mtu afungaye mlango, akatunza ndani maji yake machache. Jirani zake ni kaa wepesi, ambao mtu akinyosha kivuli chake tu, wamekwisha kuingia katika ufa.

Chini ya hao wanakaa chaza wa mwamba, wameganda juu ya jiwe, kingo zao kali kama wembe. Kati yao yumo mnyama mdogo wa ajabu. Kwa umbo ni kama kilima kidogo cha mawe chenye tundu kileleni, na watu wengi humdhania kuwa chaza au koa. Kwa kweli ni jamaa ya kaa. Alipokuwa mchanga aliogelea huku na huku. Kisha akachagua jiwe, akagandisha kichwa chake hapo, akajijengea ukuta, na tangu siku ile hula kwa kutoa miguu yake tunduni na kuyachota maji yapitayo. Pia yuko mwenye magamba manane mgongoni, yaliyopangwa kama vigae vya paa, ambaye humng'ang'ania jiwe hata wimbi kubwa lisiweze kumwondoa.

Mtu akizidi kushuka huingia katika konde za mwani na nyasi za bahari. Hapa ndipo penye kete, viti vya pweza, na jongoo wa pwani alalaye mchangani kama muhogo uliosahauliwa. Jongoo huyo ni mkulima wa namna yake: humeza mchanga, akala uchafu uliomo, akautoa mchanga ukiwa safi. Hata mwisho kabisa, mahali paonekanapo wakati wa bamvua tu, ndipo yanapoanza matumbawe yaliyo hai, na pango la pweza.

Mnyama wa ngazi ya chini akihamishiwa ngazi ya juu, jua humwua. Na yule wa juu akishushwa chini, ingawa maji ni tele, huliwa au husongwa na wenye nguvu kuliko yeye. Kila mmoja yuko mahali pake kwa sababu.

KOA APANDAYE MTI

Mambo hayo si ya mwamba peke yake. Kusini ya Watamu iko hori ya Mida, iliyozungukwa na misitu ya mikoko. Katika matope ya huko yuko koa mwembamba, mrefu kama kidole cha mtoto, ambaye mara nyingi ncha ya gamba lake imevunjika. Maji yakipwa hushuka matopeni akala. Lakini kabla maji hayajarudi, huuacha mlo wake na kuanza kupanda shina la mchu. Wataalamu waliomchunguza waliona kwamba huanza safari wakati maji bado hayajafika, tena hupanda mpaka mahali palipo juu ya kiwango ambacho maji yatafika siku hiyo. Hakuna alama ya kumwonyesha. Hesabu ya bahari imo ndani yake mwenyewe.

Chini ya miti hiyo hiyo wako kaa wachimbao mashimo. Jani la mkoko likianguka, kaa hulikamata na kulivuta shimoni kabla bahari haijalichukua. Kwa njia hiyo samadi ya msitu hubaki msituni, na kupitia mashimo hayo hewa hufika katika matope yaliyo mazito. Tondo naye, yule koa mkubwa mweusi, hula majani yaliyoanguka. Mkulima atiaye samadi na kulima udongo usishikane ataitambua kazi yao. Mtu akiwaondoa hao wote, mikoko haitakauka siku ile ile, lakini shamba lake litakuwa limepoteza vibarua.

NYUMBA ILIYO CHINI YA JIWE

Yafaa sasa kutazama jiwe moja tu, jiwe la kawaida la mwambani, ambalo mtu aweza kuligeuza kwa mikono miwili. Upande wa juu una mwani, kwa maana hupata mwanga. Upande wa chini ni giza, unyevu na ubaridi, na huko ndiko kwenye wenyeji wengi. Sifongo za rangi nyekundu na njano zimeganda hapo. Viti vya pweza wadogo, wenye mikono myembamba kama uzi, hukimbilia mchangani. Wamo minyoo waliojijengea vijumba, kaa wadogo kama ukucha, na pengine kete jike aliyekaa juu ya mayai yake kama kuku, asitake kuondoka.

Mtu atafutaye pweza au kete huligeuza jiwe hilo, akachukua alichokitaka, akaenda zake. Jiwe limebaki tumbo juu. Muda mfupi baadaye sifongo zimekauka, na mayai yameiva kwa jua. Mwani uliokuwa juu sasa umelala gizani, nao unakufa pia. Kwa jambo la dakika moja nyumba imeharibika juu na chini. Mtu mmoja aweza kugeuza mawe mengi katika bamvua moja, na mabamvua huja mara mbili kila mwezi.

Tena mtu asisahau usalama wake mwenyewe. Chini ya mawe na ndani ya mchanga hupatikana koa wenye umbo la pia, magamba yao yamepambwa vizuri mno. Koa hawa wana mwiba wenye sumu kama sindano, ambao hutokea upande mwembamba wa gamba, na baadhi yao wamekwisha kuua watu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Aliyechomwa hana budi apelekwe hospitali upesi. Mtoto afundishwe mapema kwamba gamba zuri la namna hii haliokotwi, wala halitiwi mfukoni. Hata hivyo, sumu hiyo nayo ina faida yake. Kutokana na sumu ya koa mmoja wa jamaa hiyo, akaaye bahari ya Pasifiki, wataalamu waligundua dawa ya maumivu makali, ambayo ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 2004. Basi nani awezaye kusema kwamba kiumbe fulani hana kazi?

KETE ILIPOKUWA FEDHA

Wako watu watakaouliza, kitu kidogo kama koa kina maana gani kwa nchi? Historia inajibu. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa Hamburg walinunua kete za pwani ya Afrika Mashariki huko Unguja, wakazipakia merikebuni na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa zikitumika kama fedha. Walipeleka nyingi kupita kiasi hata thamani yake ikaanguka. Na huku kwetu Afrika Mashariki simbi zilisafiri hadi Buganda, zikatumika sokoni, na mpaka leo Waganda huita fedha ensimbi. Hivyo kiumbe alalaye chini ya jiwe la pwani aliwahi kununua ng'ombe karibu na ziwa Nyanza.

Siku hizi kete hazinunui ng'ombe, lakini zinauzwa kwa watalii pamoja na makombe na magamba makubwa. Ununuzi huo ndio huwafanya watu wayachukue yaliyo hai, kwa kuwa gamba la koa aliye hai hung'aa, na lile lililotupwa ufuoni limekwisha kufifia. Hata gamba tupu lina mwenyewe. Yuko kaa asiye na gamba gumu tumboni, ambaye hana kinga isipokuwa apate gamba la koa aliyekufa na kuingia ndani yake. Akikua hutafuta kubwa zaidi. Magamba yakiisha ufuoni, kaa huyo hukosa nyumba.

PWEZA NA WANAWE

Kwa jamaa nyingi za pwani, kutoka Vanga hata visiwa vya Lamu, pweza ni kitoweo na ni karo ya shule. Ni jamaa ya koa asiye na gamba. Ana mikono minane, mioyo mitatu, na damu yenye rangi ya buluu. Umri wake ni mfupi, kama mwaka mmoja au kupita kidogo, lakini hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu maishani. Akiisha kutaga hukaa pangoni akiyalinda mayai, akiyapulizia maji safi, wala hali kitu. Watoto wakitoka, mama hufa.

Basi mtu amtoaye jike pangoni akiwa na mayai amechukua pweza mmoja na vifaranga maelfu. Na amchukuaye mdogo mwezi huu amejinyima mkubwa wa miezi michache ijayo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Watu wa kijiji cha Andavadoaka, huko Bukini, yaani Madagascar, walilijaribu jambo hili mwishoni mwa mwaka 2004. Walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi saba, bila mtu yeyote kuvua pweza hapo. Walipoifungua waliwakuta pweza wakubwa na wengi, na vijiji vingine vikaiga.

MMOJA AKIONDOKA

Wanyama wa mwambani wamefungamana kama nyuzi za mkeka. Mfano wake ni huu. Yuko mnyama wa mviringo, mwili wake wote ni miiba, ambaye hula mwani na kuchimba matumbawe kwa meno yake. Akiwa na kiasi, hakuna madhara. Adui yake mkuu ni samaki aitwaye kikande, mwenye taya zenye nguvu za kumvunja. Wataalamu walioichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 waliona kwamba, mahali ambapo kikande wamevuliwa wakaisha, wale wenye miiba wameongezeka sana, na matumbawe yameliwa. Mahali ambapo samaki wamehifadhiwa, wenye miiba ni wachache na matumbawe yamestawi. Mvuvi alidhani amechukua samaki. Kumbe alikuwa amemwondoa mlinzi wa nyumba.

Msiba mwingine haukutoka mkononi mwa mvuvi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita desturi. Matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka kuwa meupe, na sehemu kubwa ikafa. Mwanamke mwenye kikapu hawezi kuipoza bahari. Lakini mwamba ulioharibiwa kwa joto hupona vigumu zaidi ukiendelea kukanyagwa, kuvunjwa na kugeuzwa. Mgonjwa hapigwi.

YALIYOKWISHA KUFANYWA

Kenya haikukaa kimya. Mwaka 1968 mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa, nazo zilikuwa miongoni mwa za kwanza katika Afrika. Ndani yake hairuhusiwi kuvua, wala kuokota hata gamba tupu.

Lakini sheria peke yake haitoshi, kwa kuwa pwani ni ndefu na walinzi ni wachache. Kwa hiyo mfano wa Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kilifi, wastahili kusomwa na kila mtu. Wavuvi wa hapo waliona kwamba nyavu zinarudi tupu. Waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakakubaliana wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao yenye ukubwa wa kama hektari 30. Haikuwa rahisi kwa mtu mwenye watoto kuambiwa asivue mahali alipovua baba yake. Walakini samaki walirudi, na matumbawe yakaanza kupona. Mwaka 2017 chama hicho kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Mfugaji afungaye malisho ili nyasi ziote ataifahamu hekima hiyo bila kuelezwa.

YAPASAYO KUTENDWA

Mambo yampasayo kila mtu ashukaye mwambani ni machache, wala hayana gharama. Jiwe likigeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, tena polepole. Pweza mdogo aachwe, na jike aliye na mayai aachwe. Njia ya kupita iwe juu ya mchanga, si juu ya matumbawe. Na mgeni wa kutoka bara, awe karani aliye likizoni au mkulima aliyekuja kumtembelea nduguye, asinunue gamba la kuweka juu ya meza. Kwa maana kila gamba linunuliwalo huita jingine.

Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Kwa saa chache bahari huufungua mlango wake, watu wakaingia kuchukua riziki, kisha huufunga tena. Mama amfundishaye binti yake kazi ya mwambani hana haja ya maneno mengi. Maji yanapoanza kurudi na kikapu kiko tayari, atatazama nyuma yao na kusema, "Rudisha jiwe hilo, mwanangu. Bamvua lijalo tutakuja tena."